Tiba mtandao kwenye nchi ya visiwa vidogo: anza na daftari la rufaa, kamera zisubiri

Marahaba dada. Swali lako nimelisoma mara mbili, ngoja niliweke hapa kwa kifupi ili na wengine wafuate. Unaratibu mradi wa tiba mtandao wa wizara ya afya, yaani daktari kumsaidia mgonjwa aliye mbali kwa simu au intaneti, kwenye nchi ndogo ya visiwa, hospitali kubwa ni moja tu na iko kisiwa kikuu, halafu kuna vituo 14 kwenye visiwa vya nje, vingi vina nesi mmoja au wawili basi. Mfadhili ametoa hela ya miaka mitatu, na kuna kampuni imeshakuja na ofa ya zile meza za magurudumu zenye skrini na kamera, moja kila kituo. Unauliza mnunue au la, na kama la mnaanzia wapi.

Kwa sasa msinunue. Sio kwamba zile mashine ni mbovu, kuna sehemu zinafanya kazi nzuri sana, ila kampuni imewapa jibu kabla nyie hamjajua swali lenu ni lipi. Nimewahi kuingia kituo kimoja nikaikuta meza ya namna hiyo imefunikwa shuka la wodi, juu yake kuna boksi za glovu, na paswedi ilikuwa ya afisa aliyehama mwaka uliopita kwa hiyo hamna mtu hata wa kuiwasha. Na nesi wa pale ukimuuliza anampataje daktari akikwama anakuonyesha simu yake mwenyewe, namba ya daktari mmoja aliyesoma naye. Hiyo namba ndo ilikuwa tiba mtandao ya kile kisiwa, na kwenye ripoti ya mradi haikuandikwa popote.

Sasa twende kwenye lenyewe. Kwenye visiwa karibu kila simu ya nesi kwenda kwa daktari ina swali moja ndani yake: huyu mgonjwa aondoke au abaki? Bara ukiwa na wasiwasi unampakia mtu kwenye gari, ikionekana hana shida kubwa jioni anarudi kwao. Kisiwani kuna boti, kuna bahari imechafuka, kuna ndege inayokuja mara moja au mbili kwa wiki, kuna hela ya kukodi ndege nyingine, na kuna mama anayeacha watoto wadogo bila kujua atarudi lini. Angalia Kiribati kule Bahari ya Pasifiki, visiwa 33 vimetawanyika kwenye bahari ya kilomita za mraba kama milioni 3.5, na kutoka Kiritimati mpaka Tarawa kwenye hospitali kuu ni zaidi ya kilomita 3,000 ndani ya nchi hiyo hiyo moja. Maldivi nayo ina visiwa karibu 1,200 na vinavyokaliwa havifiki 200 lakini bado ni vingi mno kuweka daktari bingwa kila kimoja. Hapo makosa ni ya aina mbili na yote yanauma, unamsafirisha mtu ambaye angepona pale pale kwa dawa iliyopo, au unamchelewesha anayetakiwa kuondoka leo kabla ya giza. Mradi wenu ukipunguza hayo makosa mawili umefanya kazi, usipoyapunguza hata skrini ziwe nzuri namna gani hamjafanya kitu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haihitaji intaneti kabisa. Chukua madaftari ya rufaa ya vituo vyote 14 ya mwaka mmoja uliopita, kaa chini na daktari mmoja na manesi wawili waliowahi kuishi visiwa vya nje (hao manesi usiwaache, bila wao zoezi linakuwa la watu wa ofisini), mpitie mgonjwa mmoja mmoja. Aliondoka kwa nini, alifika na hali gani, hospitalini alifanyiwa nini ambacho kituoni kisingewezekana. Alafu ulizeni na lile swali ambalo daftari halijibu, nani alitakiwa kuondoka akabaki? Hilo utalipata kwenye rejista ya vifo na kwa manesi wenyewe, na uliza kwa upole maana wengine wamebeba hayo majina moyoni miaka mingi. Mkimaliza mtakuwa na rundo la matatizo yenu wenyewe, pengine vidonda vya miguu vya wagonjwa wa sukari, presha ya wajawazito, watoto wenye homa na kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, mifupa. Kila rundo lina kifaa chake na namna yake ya kuulizia, na mengi hayahitaji video.

Kidogo nirudi nyuma maana hii habari sio mpya kama wauzaji wanavyoisema. Roma kuna kituo kinaitwa CIRM, kilianzishwa 1935 kuwapa mabaharia ushauri wa daktari kwa redio, na meli si ni kama kisiwa kinachotembea tu. Kule Australia madaktari wa ndege, Royal Flying Doctor Service, walioanza 1928, waliona kwamba kumshauri mtu kwa redio hakusaidii kama hujui ana dawa gani mkononi, kwa hiyo kuanzia 1942 wakasambaza masanduku ya dawa yanayofanana kila mahali, kila dawa ina namba. Daktari anasikiliza kwenye redio anasema mpe namba fulani, vidonge viwili, na yule wa upande wa pili hata kama jina la dawa halitamkiki kwake anafungua sanduku anaiona namba. Mimi kila mradi nikiulizwa naanzia kwenye lile sanduku. Ushauri wa daktari bingwa una thamani ya kile kilichomo kwenye kabati la kituo, zaidi ya hapo ni habari tu.

Chukua maumivu ya kifua. Unaweza kumpa nesi kile kipimo cha umeme wa moyo, anabandika waya, karatasi inatoka, anaipiga picha anaituma, dakika kumi baadae daktari wa moyo anasema huyu mshipa umeziba. Vizuri, sasa je, dawa ya kuyeyusha lile bonge la damu ipo kisiwani? Nesi amefundishwa kuitoa na kumwangalia mgonjwa baada ya hapo? Kama haipo na boti ni kesho, umempa nesi utambuzi sahihi pamoja na usiku mrefu kuliko wote maishani mwake. Macho ya wagonjwa wa sukari ni hivyo hivyo, kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho ni kifaa kizuri na nesi anajifunza kuitumia haraka, picha inasomwa mbali, lakini kama nchi nzima hamna laser ya kutibia wala mkataba na nchi jirani iliyo nayo, utakuwa unawaambia watu kwamba wanaelekea kupofuka halafu unawaaga. Kwa hiyo kwa kila rundo lile mlilolitenga andikeni kabatini kunahitajika nini ili jibu la daktari litendeke, na hiyo orodha inunuliwe kabla ya kamera.

Baada ya hapo ndo tunaongea mawasiliano, na hapa nakushauri waziwazi, anzeni na tuma-usubiri. Yaani nesi anaandika maelezo, anaambatanisha picha, anatuma, daktari anajibu akipata nafasi ndani ya muda mliokubaliana. Kuna taasisi ndogo ya Uingereza, Swinfen Charitable Trust, ilianzishwa 1998, mwaka uliofuata ikaunganisha hospitali ya kwanza kule Bangladesh kwa vitu vya kawaida kabisa, kamera ya dijitali, stendi yake na barua pepe, na baadae visiwa vya Solomon navyo vikaingia. Madaktari bingwa walikuwa wanajibu kwa kujitolea. Hakuna aliyekuwa anasubiri mwenzake aamke.

Piga hesabu ndogo uone kwa nini. Tuseme kituo kina laini dhaifu ya kilobiti 256 kwa sekunde. Picha ya kipimo cha moyo uliyoibana ikawa kilobaiti 300 (baiti moja ni biti nane) inapita kwa kama sekunde kumi. Eksirei ya kifua ya dijitali ya megabaiti 15 inachukua kama dakika nane, haidhuru, nesi anaituma anaendelea na kazi nyingine. Lakini video ya moja kwa moja kwenye laini hiyo hiyo itaganda, sauti inakatika, mgonjwa anaulizwa kitu kimoja mara tatu na aibu inamshika. Na kama mnatumia setelaiti ya zamani iliyoko juu kilomita karibu 36,000, ukiuliza kitu mpaka jibu lianze kurudi ni kama nusu sekunde imepita hata laini iwe nzuri, watu wanaongea kwa pamoja wanakatizana. Siku hizi kuna setelaiti za chini zaidi, Cook Islands walikuwa wa kwanza kutumia zile za kampuni ya O3b 2014, ziko juu kama kilomita 8,000, na za Starlink ziko kama 550 kwa hiyo ule ucheleweshaji karibu unaisha. Hali inabadilika haraka, ndo sababu nyingine ya kutofunga mkataba wa miaka mitano na kifaa kinachotegemea laini ya aina moja.

Ila tuma-usubiri ina ufundi wake na hapa nataka nikae kidogo, maana watu wanadhani kupiga picha kila mtu anajua. Kuna picha ya mguu niliyowahi kutumiwa, mgonjwa wa sukari, kidonda kimejaza fremu yote, flashi imewaka kikawa kinang'aa cheupe katikati, sikujua kama naangalia kisigino au chini ya kidole gumba. Niliuliza maswali saba, ikachukua siku mbili, na kwenye mguu wa sukari siku mbili ni nyingi sana. Baadae tukakubaliana na yule nesi hivi: picha tatu kila mara, ya kwanza kutoka goti kushuka, ya pili mguu mzima, ya tatu kidonda kwa karibu. Karibu na dirisha bila flashi. Rula pembeni. Gozi safi nyeupe, kile kitambaa cha kufungia kidonda, chini yake ili nione rangi ya ngozi ilivyo kweli, maana nyeupe ya gozi naijua. Halafu aandike yale ambayo kamera haioni, joto la mwili, sukari ya asubuhi, ukibonyeza pembeni anasikia maumivu au hasikii kitu, mapigo juu ya unyayo yapo au hayapo, na kinanuka au hakinuki, harufu haipiti kwenye mtandao mpaka mtu aiandike. Ujumbe wake uliofuata niliujibu kwa mara moja: huyu aondoke na boti ya kwanza. Kifaa chetu kilichobadilika ni rula.

Fanyeni hivyo kwa kila rundo, karatasi moja ya maswali, upande mmoja, kwa lugha ambayo nesi anaitumia kazini. Na wekeni saa ya kujibu. Dharura ipigiwe simu ya sauti, kuna mtu mmoja zamu hiyo jina lake liko ukutani, asipopokea kuna wa pili. Isiyo dharura ijibiwe ndani ya siku moja. Nesi akituma mara mbili asijibiwe, ya tatu hatumi, na hatalalamika wala kuandika barua, ataacha tu kimyakimya, na wewe ofisini utaona idadi imeshuka ukadhani wagonjwa wamepungua.

Video ina mahali pake sikatai. Afya ya akili, mtu anahitaji uso na sauti. Mazoezi ya viungo baada ya kiharusi. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji kisiwa kikuu anayetakiwa kuonwa tena wiki ya sita, huyo safari nzima ya boti inaweza kuokolewa na dakika kumi na tano. Hizo zote zinapangwa, siku fulani saa fulani, laini ikiwa mbaya mnaahirisha hakuna anayekufa. Na mkiunganishwa na mabingwa wa nje angalieni saa zao. India ilijenga mtandao wa setelaiti wa kuunganisha hospitali zake kubwa na nchi za Afrika, wazo alilitoa rais Abdul Kalam 2004, ukazinduliwa 2009, na nchi za visiwa kama Morisi na Shelisheli zilikuwemo, lakini ratiba ya bingwa wa mbali inamfuata bingwa, haimfuati mgonjwa wako. Hata ndani ya nchi moja saa ni tatizo. Kiribati mpaka mwisho wa 1994 ilikuwa imekatwa na mstari wa tarehe, ofisi za upande mmoja zikiwa Jumatatu za upande wa pili bado ni Jumapili, siku za kazi za pamoja zilikuwa nne tu kwa wiki, wakaurekebisha Januari 1, 1995. Masaa mawili ya tofauti kati ya Tarawa na Kiritimati bado yapo.

Kingine ambacho nakipenda kuliko video ya mgonjwa ni video ya manesi wenyewe. Marekani kule New Mexico, Dk. Sanjeev Arora alianzisha Project ECHO 2003 kwa ajili ya homa ya ini aina ya C, wagonjwa walikuwa mbali na yeye ni mmoja, akaacha kuwafuata wagonjwa akaanza kukaa na watoa huduma wa vijijini kwenye skrini kila wiki, kila mmoja analeta mgonjwa wake wanajadili wote. Baada ya muda wale wa vijijini wakawa wanatibu wenyewe. Kwa nesi aliye peke yake kisiwani saa moja kwa wiki ya kuwasikia wenzake 13 wakisema na mimi nilikwama hapo hapo ni dawa pia, inamfanya asiombe uhamisho.

Sasa ubaya wa yote. Januari 15, 2022 volkano ya Hunga Tonga-Hunga Ha'apai ililipuka chini ya bahari ikakata mkongo, ule waya wa mawasiliano unaopita chini ya bahari, unaoiunganisha Tonga na dunia, mkongo wa kimataifa ukarudi Februari 22, wiki tano na zaidi, na ule wa ndani unaokwenda visiwa vyake vya Ha'apai na Vava'u ulichukua zaidi ya mwaka. Na ilikuwa mara ya pili, Januari 2019 mkongo ulikatika pia nchi ikakaa karibu wiki mbili. Siku kama hizo ndo watu wanaumia, ndo maji yanachafuka, na ndo mtandao haupo. Kwa hiyo kila kituo kiwe na njia ya pili isiyotegemea ya kwanza, redio ya masafa marefu au simu ya setelaiti, na mtu anayeijaribu kila Jumatatu asubuhi, kwa sababu redio isiyojaribiwa ni pambo. Kiwe na miongozo iliyochapwa kwenye karatasi. Kiwe na sola na betri zake za kutosha, na bajeti ya kubadilisha betri, chumvi ya bahari inakula kila kitu chenye waya, kifaa ambacho bara kingekaa miaka mingi huku kinakufa mapema. Wekeni spea kisiwani kwenyewe, fundi anayekuja na meli ya mwezi ujao sio fundi.

Kuhusu sheria na siri nitasema machache ila msiyaruke. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2019 linakubali mawasiliano ya mtoa huduma na mtoa huduma, na ya mgonjwa na mtoa huduma, ila ya mgonjwa yawe nyongeza, yasichukue nafasi ya huduma ya ana kwa ana, na 2022 walitoa mwongozo wa hatua kwa hatua wa kuanzisha, upakueni. Daktari wa nje awe na kibali chenu, na iandikwe kabisa uamuzi wa mwisho ni wa nani, vinginevyo siku mambo yakiharibika nesi ndo anaachiwa. Siri kwenye visiwa ni ngumu zaidi ya bara. Tuvalu nchi nzima ni watu kama 11,000, ukituma picha ya mkono wenye tatuu bila jina, watu watamjua. Manesi tayari wanatumia WhatsApp na kuwakataza hakusaidii, wataendelea kwa kujificha, we wape simu za kazi zisizohifadhi picha kwenye albamu ya familia, wafundishe kuficha uso, pete na tatuu, na muombe mgonjwa ruhusa kwa lugha yake.

Umeuliza pia mfadhili akiondoka itakuwaje. Angalia Cabo Verde, visiwa kumi, tisa vina watu, hospitali kuu mbili Praia na Mindelo. Mradi wao wa mwanzoni mwa miaka ya 2010, uliofadhiliwa na Slovenia, ulipangwa tangu siku ya kwanza kwa hatua ya kuanzisha, kujenga, kuendesha na kisha kukabidhi, kwamba kuna siku ufunguo unahama. Na nyie iandikeni hiyo siku kwenye mkataba, na mwaka wa pili tayari mshahara wa mratibu na bando la vituo vilipwe na wizara. Hela ipo, iko kwenye fungu la kusafirisha wagonjwa. Ombeni sehemu ya fungu hilo ihamie huku kidogo kidogo kadiri safari zisizo za lazima zinavyopungua, na ndo maana yale madaftari ni muhimu, bila hesabu ya mwaka wa kabla huwezi kumuonyesha mtu wa hazina chochote. Msihesabu idadi ya simu zilizopigwa, hesabuni safari zilizoepukwa, wagonjwa walioondoka mapema kuliko zamani, na maswali yaliyokaa bila jibu zaidi ya siku moja.

Kwa kampuni waambieni mtarudi kwao baada ya miezi sita. Chagueni vituo vitatu, kimoja chenye laini nzuri, kimoja chenye laini mbovu, na kimoja chenye nesi anayelalamika kuliko wote, huyo atawaambia ukweli. Mkishapitia daftari la kituo cha kwanza nitumie karatasi ya mahesabu bila majina ya wagonjwa, pamoja na orodha ya vilivyomo kabatini siku hiyo, tuvilinganishe mstari kwa mstari.